Mpima Dhahabu wa Nyuma ya Hekalu

Mpima dhahabu wa nyuma ya hekalu la mungu Kasto hagusi kitunguu, maana pua ndiyo mizani yake. Kila sarafu huinusa kwanza, huisugua kwa kidole gumba, kisha huidondosha juu ya jiwe huku amefumba macho, asikie mlio wake. Akiitilia shaka huichanja kwa patasi, na siku zote huchanja upande wenye sura ya mungu, si ule wa Kaisari. "Miungu husamehe, mama. Kaisari ana wapelelezi."

Nilimpelekea sarafu moja, nikamweleza kwamba ndiyo yote aliyonirudishia mume wangu Trebio aliponiacha, katika dhahabu ambayo baba yangu alimpa tulipooana. Majirani walisema ni shaba iliyopakwa dhahabu. Ingekuwa shaba, nisingekuwa na kodi ya kulipa, na chumba changu kingekwenda. Aliinusa, akakunja uso, akachukua patasi na kuielekeza kwenye sura ya Vesta, mungu wa meko.

"Usimkate, bwana. Isikilize kwanza."

"Basi nyamaza."

Akaidondosha, sikio karibu na jiwe. Ikalia, sauti nyembamba, ndefu. Akaiweka patasi chini.

"Dhahabu tupu. Mumeo mwizi, lakini mwizi mzembe."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye akashusha pumzi, akairudisha sarafu kiganjani mwangu, upande wa Vesta juu.