Kipanya cha Mama Spana

Shemeji alipenda skrini nyeupe pee, yenye viherufi vidogo kama sisimizi. Mama Spana alipenda nyeusi, na herufi za kijani unazoweza kuzisoma ukiwa mlangoni. Mtu wa nje angecheka. Lakini wawili hao walipokezana kompyuta moja ya zamu katika ofisi ya maji, na kwao hiyo ilikuwa vita isiyo na suluhu.

Jina la Mama Spana alilipata enzi za kushinda ndani ya mashimo ya pampu, grisi hadi kwenye viwiko. Baadaye ofisi ikaleta mambo mapya: fundi anakaa mezani, anafungua programu ya kuingia kwenye mitambo iliyo mbali, anaandika amri, na huko iliko pampu inawaka au inazima. Alijifunza kwa taabu, akazoea. Ndipo mume wa mdogo wake akafukuzwa kazi, na Mama Spana akaenda kumwombea kwa Injinia, mkuu wa ofisi. Alibembeleza mpaka akajionea haya mwenyewe. Shemeji alipopata kiti, asante yake ilikuwa kuitazama ile skrini na kuuliza kwa sauti, "Shemeji, hapa unafanya kazi au unachungulia kisima?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo Mama Spana alimchukia, na alimchukia kwa moyo mmoja.

Kila mmoja alikuwa na programu yake. Ya Shemeji ilikuwa na tabia moja: ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya, maneno uliyonakili mwisho yanabandikwa papo hapo, na kama ni amri, inaanza kazi bila kukuuliza. Ya Mama Spana, ukibofya kitufe hicho hicho, inakuletea menyu ya kukuza herufi na kubadili rangi, basi. Shemeji alisema menyu ni za wazee wasio na haraka. Mama Spana alisema kubandika amri bila kuisoma ni uhuni, na amri zake aliziandika kwa mkono, herufi kwa herufi.

Mkuu wa zamu akastaafu. Mama Spana aliitaka nafasi ile kufa na kupona. Alikuwa ameitolea jasho tangu ujana wake. Injinia akasema atawapima wote wawili kwenye kompyuta ile ile. Mmoja ahamishe maji kutoka pampu kuu kwenda pampu ya akiba, mwingine ayarudishe.

Asubuhi ya mtihani Mama Spana akakuta programu yake haipo.

"Mashine ilikuwa nzito, nikaisafisha," Shemeji akasema, akijikuna shingo. "Si utumie yangu tu? Au unaogopa mwanga?"

Angeweza kukataa. Lakini Injinia alikuwa amesimama pale, na kiburi kikamzuia.

Shemeji akatangulia. Akawasha pampu ya akiba, kisha akanakili amri ya kuzima pampu kuu, akaibandika. Safi. Mama Spana akakaa, akaandika kwa mkono, akawasha pampu kuu, akazima ya akiba. Safi zaidi. Injinia akainama, akakunja macho.

"Viherufi gani hivi? Hebu vikuze nione."

Mkono wa Mama Spana ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kulia, kama ulivyozoea. Menyu haikuja. Ilikuja ile amri ya Shemeji, na pampu kuu ikazima. Ya akiba ilikuwa imeshazimwa. Bomba la jikoni la ofisi likakohoa, likanyamaza, na simu zikaanza kulia.

Aliiwasha tena haraka, lakini maji yalikuwa yameshakatika mji mzima.

"Amenitegea huyu!" akafoka. "Amri ni yake ile!"

"Amri ni yangu, sawa," Shemeji akajibu, akitabasamu. "Kidole ni cha nani, shemeji?"

Injinia hakutaka kusikia ya nani wala nani. Cheo akapewa Shemeji, na amri yake ya kwanza ikawa kwamba wote watumie programu yake, skrini nyeupe, bila majadiliano. Jioni mdogo mtu akapiga simu: "Dada, hata pongezi? Una roho gani wewe?" Mama Spana akakata simu, akalia kwa hasira.

Kesho yake, zamu yake ilipokaribia kwisha, alitoa bisibisi yake ya zamani mkobani. Akakipindua kipanya, akakifungua, akang'oa kitufe cha kulia, akakifunga tena kipanya vizuri kama fundi.

Shemeji akaingia na Injinia nyuma yake, akiwa na hamu ya kuonyesha ukuu wake. Akanakili amri kwa mbwembwe, akabofya. Kidole kikazama shimoni. Akabofya tena. Kuandika kwa mkono akajaribu, akakosea, akafuta, akakosea tena, Injinia akimtazama.

"Nani kaharibu hiki kipanya?" akauliza, jasho likimtoka.

Mama Spana alikuwa ameshatundika mkoba begani.

"Kipanya ni cha ofisi," akasema. "Kidole ni cha nani, shemeji?"