Namba Iliyotujua Sisi Wasichana Sita

Enzi zetu pale Bwera, wenzangu, asiyejua jedwali la saba alikula obundu, ugali wetu, bila mchuzi. Siyo kama hawa wa leo: simu ikizimika, hata vidole vyao hawajui ni vingapi!

Tulikuwa wasichana sita, tumbo moja. Kwetu Wakonzo jina la mtoto ndilo namba yake: Masika wa kwanza, kisha Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu, na mimi Kyakimwa wa sita. Wavulana wana majina yao, huanza moja upya.

Siku moja mwalimu wetu, Mkongo wa Butembo, aliandika ubaoni 142857. "Batoto, hii namba iko na roho," akanong'ona. "Muizidishe, mutaona."

Tulirudi nyumbani ukungu wa Rwenzori umeshuka hadi migombani. Mama, mjamzito, alikuwa akikaanga samaki wa Katwe, harufu ikivuka mpaka wa Kongo bila kibali. Nyuma ya nyumba, kwa makaa ukutani, kila mmoja akazidisha kwa namba ya jina lake. Biira akapata 285714. Kabugho, 428571. Tarakimu zilezile, zimezunguka tu, kama wasichana wanaocheza duara! Mbambu, 571428. Ithungu, 714285. Mimi, 857142. Nywele zilinisimama nikawa mrefu kuliko baba.

"Na huyu wa tumboni?" Ithungu akauliza.

"Nyamaza we!" Masika akamkemea. "Mama amesemaje? Mtoto ambaye hajalia hahesabiwi!"

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaandika. Mara saba: 999999.

Hakuna hata mmoja wetu aliyebaki. Tisa sita tu, zikitutazama.

"Kyakimwa, umefanya nini?"

Tulisugua ukuta kwa majani ya mgomba, kwa maji, kwa mate. Kila asubuhi niliziona tisa zimerudi, nyeusi vilevile. Tukaomba mtoto awe mvulana, aanze na moja yake, aponyoke.

Akazaliwa msichana, Nziabake, jina la wa saba. Hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, akitua kwa kila uso, kama anayeita rejista. Siku ya nne akafariki.

Miaka mingi baadaye, katika shule ya jioni Kasese, nikiwa mama mzima, nilithubutu kuzidisha kwa nane: 1142856. Karibu wote wamerudi, ila saba imepungua ikawa sita, na moja imetangulia mbele peke yake. Nilifunga daftari.

Leo wajukuu wangu wanabonyeza simu, jibu kufumba na kufumbua. "Nyanya, ni hesabu tu!" Wanacheka. Wana majina ya wachezaji mpira, hakuna anayejua nani ni wa ngapi, na hakuna namba inayowatisha. Nawaonea wivu. Mimi nikiulizwa tulizaliwa wangapi, nasema "saba" haraka haraka, kabla akili haijaanza kuzidisha.