Shadia wa Kizuka na Moyo Uliobana

Kijijini Kizuka, anayetaka mawese safi humwendea Shadia. Ni mwanamke mrefu, sauti yake husikika kutoka barabarani, na katika kutwanga chikichi wanawake wachache wangeweza kushindana naye. Kwa hiyo mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa sita na mchi ukaanza kumlemea, hakuna aliyedhani ni ugonjwa. Mama mkwe wake, Bi Asiya, alisema mtoto ni mkubwa. Asmani, mumewe, seremala wa mitumbwi, akamwamini mama yake.

Shadia hakuridhika. Akilala alihisi kama maji yanampanda kifuani, hata akazoea kusinzia ameketi, mgongo ukutani. Miguu ilivimba, kikohozi hakikutulia. Alikwenda zahanati bila kumngoja mtu.

Mkunga Chanceline alipima tumbo, kisha akaweka kipimo kifuani na kusikiliza kwa muda.

"Ulipokuwa mutoto, uliumwa viungo?"

"Magoti. Yalivimba, leo hili, kesho lile. Mama alinikanda na mawese ya moto."

"Na koo?"

"Koo ilikuwa kila mara. Sasa koo na mimba, wapi na wapi?"

Chanceline akamweleza. Maumivu yale ya koo hayakutibiwa, na mwili katika kupambana nayo uliujeruhi moyo wenyewe. Mlango mmoja wa ndani, unaopitisha damu, huenda ulibaki mwembamba. Sasa damu imeongezeka kwa ajili ya mtoto, na njia ni ile ile.

"Unaenda Bujumbura leo," alisema. "Usingoje wiki ijayo."

Hospitalini walipiga picha ya moyo wakaona ni kama Chanceline alivyosema. Walimpa dawa za kutoa maji mwilini na za kutuliza mapigo. Baada ya siku chache Shadia alilala kitandani kama watu wengine, akaamka na njaa. Daktari alimruhusu kurudi nyumbani kwa masharti: asitwange, asiache dawa, na mwezi wa nane arudi akae karibu na hospitali.

Sharti la mwisho ndilo lililoleta maneno mwezi huo ulipofika.

"Wajukuu wangu wote nimewapokea kwa mikono hii," alisema Bi Asiya. "Huyu atazaliwa ugenini?"

Asmani alimgeukia mkewe. Shadia akajibu mwenyewe.

"Mama, nakuheshimu. Lakini kifua iko yangu, na mimi ndiye najua inavyobana. Twende wote. Utampokea huko huko."

Kesho yake Bi Asiya alifunga godoro lake kwa kamba, akasema ana dada Buyenzi, mtaa wa huko Bujumbura, watafikia kwake.

Uchungu ulipokuja, Shadia alizaa akiwa ameinuliwa mgongo, amepewa dawa ya maumivu, na madaktari wakamvuta mtoto ili mama asisukume sana. Alikuwa msichana, wakamwita Kaoutar. Madaktari hawakumruhusu Shadia kutoka, kwa sababu moyo kama huo huweza kuelemewa hata baada ya kuzaa. Siku ya pili, Bi Asiya aliyekuwa akimpakata mjukuu aliona mkwewe anavuta pumzi fupi fupi. Alimwita muuguzi papo hapo. Shadia akachomwa sindano, na kufikia adhuhuri alikuwa anadai uji.

Leo Kaoutar anakimbia. Mama yake huchomwa penisilini kila mwezi ili ugonjwa usiuumize moyo tena, na yeye na Asmani wamekubaliana asishike mimba nyingine mpaka mlango ule utakapotengenezwa. Jina lake limekwisha kuandikwa kwa upasuaji. Kutwanga amewaachia wengine; yeye huchunga moto na kuuza, na sauti yake imerudi barabarani. Bi Asiya naye, akisikia mtoto wa jirani analalamika koo, hamwulizi mama yake mara mbili. Humshika mtoto mkono akampeleka kwa Chanceline.

"Murakoze, Bi Asiya," mkunga humshukuru. "Leo umeniletea nani?"