Kwenye Dirisha la Sahani Chafu

Mpishi mkuu wa kantini yetu ya kiwandani humkuti kwenye dirisha la kupakulia. Hilo amewaachia wenzake. Yeye husimama pale zinaporudishwa sahani chafu, mikono inanuka vitunguu, miwani imeshuka puani, akikagua mabaki. "Wewe siku hizi mboga huzigusi," ataniambia bila kuinua uso, "halafu unashangaa kwa nini unagombana na kila mtu. Tumbo likinuna, kichwa nacho kinanuna. Chukua mtindi." Nachukua, maana kubishana naye ni kujichosha bure, na pia, niseme kweli, ikifika jioni huwa nimetulia.

Fundi wa kuchomelea alipofiwa na mkewe, alirudi kazini akawa mtu wa soda na biskuti. Tulimpa pole, akazidi kuwa mkali. Mpishi hakumhubiria habari za tumbo. Alimfuata na beseni la maharage mabichi, akaliweka kati yao. "Shemeji," alimwita, kama alivyomwita mkewe alipokuwa hai, "nimeelemewa. Nisaidie kumenya haya." Wakamenya, vidole vya fundi vyenye makovu ya moto vikihangaika na maganda, mpaka akaanza kueleza, polepole, mkewe alivyokuwa akiyaunga. Kesho yake yakaungwa vivyo hivyo. Sahani ya fundi ikarudi imeliwa nusu. Mwosha vyombo akamtazama mpishi, akisubiri maneno yake ya kila siku kuhusu mabaki. Mpishi akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kuiosha mwenyewe.