Tungule za Kakangu

Mbegu zilikuja kutoka Ulaya zimefungwa kwenye kijikaratasi, ndani ya mzigo wa chokoleti na marashi, na mamangu alizibusu kabla ya kujua ni mbegu za nini. Alipoambiwa ni za tungule, nyanya zile kubwa zinazojaza kiganja, alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la leso. Tungule zangu zilikuwa juu ya nyumba muda wote huo. Hakuna aliyewahi kuzibusu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, sehemu ambayo watalii wakitoka Ngome ya Yesu hupotea, wakaja kutugongea mlango kuuliza njia. Juu kuna sakafu ya wazi tunapoanika nguo. Hapo nilipanda ndani ya madebe ya samli, kwa udongo na samadi ya mbuzi niliyoinunua Tononoka. Nilikuwa na aina mbili. Moja ni fupi, hutawanyika kama kichaka, na tungule zake zina umbo la yai. Hiyo ukiichomekea kijiti isilale chini, imetosheka. Ya pili hutambaa, haijui kuacha kurefuka, na tungule zake ni za mviringo, chachu kidogo. Hiyo niliisimamishia vipande vya boriti za mikoko vilivyotoka kwenye dari tulipolikarabati, nikaifunga kwa vitambaa vya leso kuukuu za mamangu, tena kwa kulegeza, kwa sababu kamba hukata shina. Maji niliyapandisha ngazi zote mwenyewe, maana mfereji wetu hutoa maji unapojisikia. Ukiruka siku mbili tatu, tungule huoza kitako, zikawa nyeusi chini.

Mamangu hakuweza tena kupanda ngazi, na macho yalikuwa yamefunga ukungu. Bustani yangu aliijua kwa kile kilichoteremshwa jikoni tu.

Nilitaka jambo moja, na sioni haya kulisema. Nilitaka siku moja, mbele ya mtu, mamangu aseme: hizi kapanda binti yangu. Kakangu aliondoka akiwa kijana, akawa sauti ya simu ya Ijumaa. Mimi nilibaki, nikamwogesha mama, nikamkanda magoti, nikapika. Anayebaki huwa kama kabati la ukumbini, lipo tu, hakuna anayeliambia ahsante.

Basi nikazipanda mbegu za kakangu, na kwenye simu yakaanza maagizo. Ziwekwe juani mchana kutwa. Zikatwe machipukizi yote yanayoota kwapani mwa majani.

"Zote zikatwe," mamangu akaniambia. "Na zako pia."

"Mama, zangu za kichaka hazikatwi. Hayo machipukizi ndiyo matawi yanayozaa."

"Kwani wewe wajua kumshinda? Yeye yuko kwa wenyewe. Kata, kisha niletee."

Kwetu neno la mama halijibiwi mara mbili. Nikakata, nikamteremshia machipukizi kwenye ungo, naye akawa anayapapasa mojamoja kuhakikisha sikumdanganya. Mikono yake ikanuka majani ya tungule hadi jioni. Za kichaka zikabaki vijiti vitupu, na nilipomwambia hazitazaa tena, alijibu kwa upole kabisa, "Hukukata alivyosema yeye."

Niliteremka nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Za kakangu ziliota vizuri, nitasema nini. Zilirefuka, zikafungwa boriti na leso kama wenzao, zikatoa maua manono. Kisha maua yakaanguka. Jua la huko aliko ni la kuombwa, letu ni la kukimbiwa, na hilo hakuna aliyetaka kulisikia kutoka kwangu. Nilizitundikia gunia zipate kivuli, lakini nilikuwa nimechelewa. Kila asubuhi nilifagia maua, na kila asubuhi mamangu aliuliza kutoka chini, "Zimezaa?"

Ugonjwa ulipomzidi, alikataa chakula. Uji alikataa, supu alikataa, wali wa nazi aliusukuma. Adhuhuri moja nilikata tungule zangu zinazotambaa, nikatia chumvi na ndimu, nikamlisha kijiko kimoja nikijua atatema. Alitafuna. Akasita.

"Hini ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini, mama?"

"Tungule ya mwanangu. Mato yangu hayaoni, lakini ulimi waonja. Wewe hujawahi kupanda kitu kitamu hivi."

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuitafuta sahani. Alikuwa hajala vya kutosha tangu wiki iliyotangulia. Niliumia, tena niliumia sana, lakini nilisogeza sahani karibu na vidole vyake. Tangu siku hiyo alikula, na kila alipokula alimwombea kakangu dua.

Ramadhani ikaingia. Kabla ya adhana ya magharibi sahani hupita nyumba kwa nyumba, na mamangu akaniagiza nimpelekee jirani yetu, bibi wa mlango wa pili, tungule zilizobaki. "Mwambie ni za kakako." Nilisimama pale mlangoni, sahani imefunikwa kawa, nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba ni za kakangu.

"Mashallah," akasema bibi. "Mtoto hakusahau kwao."

Mamangu alifariki Ramadhani haijamalizika. Tulimzika siku ileile baada ya alasiri, na kakangu akafika siku ya kisomo cha hitma, na begi lenye magurudumu. Wasomaji walipokwisha kufuturu na kuondoka, yule bibi alikuja na sahani yetu. Sahani hairudishwi tupu, kwa hiyo aliijaza kaimati. Nilinyoosha mikono nimpokee. Akanipita.

"Yuwapi mwenye tungule?" akauliza, kisha akamwona kakangu. "Pole, mwanangu. Mamako kaondoka ulimi wake u mtamu kwa sababu yako. Hakuwa na habari ila tungule zako."

Kakangu alikunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka ufunguo. Nikamtazama. Aliniona nikimtazama, na nyuma yangu ngazi za kwendea juu, zina michirizi ya maji niliyomwaga nikiyapandisha jioni ile. Nikangoja.

"Alhamdulillah," akasema. "Nilimwambia mama zitazaa."

Akala kaimati zilizomtosha, akajilamba shira vidoleni, akanipa sahani nikaioshe.