Mkungu wa Shukrani

Baba alimshukuru Mungu kwa udaktari wangu kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka. Jumapili ya mavuno alibeba mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko yote shambani kwetu huku mlimani Meru, akamwomba mzee wa kanisa atangaze kwamba binti yake anakwenda kusomea udaktari. Ibada ilipoisha, mkungu ukapigwa mnada nje ya kanisa, kama ilivyo desturi yetu, na kila aliyepandisha bei aligeuka kuniangalia. Aliyeushinda alinipa mkono akaniita dokta. Nilicheka. Nami nilijiona nimeshafika.

Matokeo yalipobandikwa, Biolojia nilikuwa na C, Fizikia D, Kemia S, hatua moja tu juu ya kufeli. Kwa S ya Kemia hakuna chuo cha udaktari kilichokuwa na haja na mimi. Ikabidi nirisiti, nirudie mtihani, na kurisiti kijijini ni adhabu ndefu, maana lililotangazwa kanisani hakuna anayelitangaza upya kulifuta. Waliendelea kuniita dokta. Bibi mmoja jirani alinisimamisha njiani, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku tayari anapandisha kanga anionyeshe mguu uliovimba. Nilimwambia aende zahanati. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji ya kunywa. Ningefanya nini? Nilikuwa sijaweza hata kupima asidi.

Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa kuuzwa, mitumba, redio, na hata Kemia. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa anafundisha tuisheni nyuma ya nyumba yake Moshono, sisi tunaorisiti tumekaa kwenye mabenchi, ubao umeegemezwa kwenye banda la kuku. Kemia aliijua yule mtu, sitamsingizia. Alichokosa ni maabara. Kwa hiyo mazoezi ya vitendo alitufundisha kwa vitu vya jikoni: magadi kwenye glasi, maji ya limau yakidondoka kutoka kwenye mpira wa dripu aliopewa na shemeji yake nesi. Rangi ya kutuonyesha kwamba limau limetosha aliichemsha mwenyewe kutoka kwenye maua mekundu ya uzio wake. Ndani ya magadi ilikuwa kijani. Limau likizidi, iligeuka polepole, ikawa kama zambarau, kisha nyekundu. Kila mara alituambia tusiwe na haraka, tufunge mpira ikishakuwa nyekundu kabisa. Nilifanya hivyo mwaka mzima, mpaka mkono ukazoea kuliko kichwa.

Siku ya mtihani nilisimama mbele ya bureti, mrija wa kioo wa kudondoshea asidi kwa vipimo, ambayo sikuwa nimeigusa tangu nitoke shuleni, na huko nako tulikuwa tukigombania moja watu kumi. Rangi waliyotupa ilikuwa ya viwandani, ya njano. Nikafungulia asidi. Ilipokaribia kutosha, njano ikageuka ya chungwa kwa tone moja tu, na hapo ndipo kila mwenye akili alipaswa kufunga. Mimi nikasubiri nyekundu. Nilirudia mara tatu, nikapata vipimo vitatu vinavyofanana, nikajiona bingwa.

Nje wenzangu walilinganisha majibu. Yao yalikuwa karibu karibu, langu liko peke yake huko juu. Nilielewa kabla hawajamaliza kusema. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka, na sikujua nimkasirikie nani: mwalimu, maua yake, au mimi niliyeyasoma haya yote kitabuni na bado nikaufuata mkono.

Kesho yake nilimwendea mwalimu. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema dhana nilikuwa nimeielewa. Kama vile dhana ndiyo inayosahihishwa.

Mavuno yalipofika, matokeo yakiwa bado, nilimkuta baba uani anausafisha mkungu mwingine. Nilimwambia ukweli wote. Nilimwomba asiupeleke, na kama ni lazima aupeleke, basi asitangaze lolote. Alipangusa panga kwenye jani la mgomba.

"Ndizi zimeshakatwa, mama," alisema.

Akaupeleka, na ukatangazwa vilevile, wa dokta wetu, safari hii kwa uhakika. Nilisimama pale mnadani nikitamani ukose mnunuzi. Matokeo yakaja: Kemia E, bado haitoshi udaktari. Sasa watu wakaanza kunipita njiani bila kuniita chochote, na hilo liliuma kuliko udokta wa uongo. Hata yule bibi alinisalimia harakaharaka, mguu wake kaufunika.

Nilirisiti tena. Mara hii nilimsumbua mtunza maabara wa shule moja upande wa Usa River mpaka akaniruhusu nije Jumamosi nimwoshee vyombo, na nikimaliza kuosha nipime. Nilivunja pipeti moja, nikagombezwa, nikarudi. Nilijifunza kufunga bureti kwenye tone lilelile linalogeuza rangi. Kemia ikaja B. Mwaka huo mavuno yalichelewa, barua ya chuo cha udaktari ikayatangulia.

Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akachukua panga akaenda shambani. Jumapili nilivaa gauni langu zuri nikakaa benchi la mbele. Mara mbili nilikuwa nimetangazwa kabla ya wakati, nikaaibika. Sasa nilitaka kulisikia tangazo hilo mara moja tu likiwa kweli, mbele ya watu walewale. Mzee wa kanisa aliinama akamuuliza baba mkungu huu ni wa shukrani gani, ili autangaze. Baba hakuniangalia.

"Sema ni ndizi tu," alijibu.

Nje uliuzwa haraka. Mama mmoja aliyeununua alijitwika, akateremka nao nyumbani kwake bila kugeuka.