Sentimita na maji ya saa tisa

Saa kumi na mbili asubuhi, mzee ambaye kila mtu humwita Sentimita anakanyaga jiwe la kwanza la mto, viatu mkononi.

"Mawe haya yananijua," anasema. "Miaka kumi na tisa, hayajawahi kuniangusha."

Jiwe la tatu linamwangusha. Anakaa kitako, maji kifuani, daftari ameliinua juu kama mtoto mchanga.

"Hili geni," anasema.

Kazi yake ni kusoma ubao wa vipimo uliosimikwa mtoni, huku mlimani, na kuiandikia ofisi ya maji kina cha kila siku. Posho inatosha unga na sabuni. Unga ukipanda bei, inatosha sabuni.

Leo kina ni mita moja na arobaini. Jana kilikuwa sentimita tisini. Kileleni mvua imekesha. Kabla hajakamua shati, anampigia simu shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayevuna chumvi mto unapoingia baharini.

Kutoka hapa maji hupita machimbo ya kokoto, madaraja mawili na mashamba ya miwa. Safari ya saa tisa. Shemeji asipowahi kuziba mlango wa mabwawa yake, chumvi ya mwezi mzima inarudi baharini.

"Shemeji, ziba. Yanakufikia saa tisa alasiri."

"Uko mtoni au kitandani?"

"Mtoni."

"Nisikilizishe."

Anainama, anausogeza mdomo wa simu kwenye maji.

Ana deni la kusikilizisha. Mwaka juzi usingizi ulimzidi, akanakili kina cha jana yake. Magunia kumi na manne ya chumvi ya shemeji yakayeyuka.

"Aliniambia maji hayasomi daftari," anasema Sentimita. "Ile ilikuwa ada ya wanawe."

Mchana, nyumbani, chakula kinapoa mbele yake. Saa tisa na robo simu inalia.

"Yamefika," anasema shemeji. "Mlango umeshika. Leo umefaa, mzee."

Ndipo anapovuta sahani. Juni anastaafu, na bahari hajawahi kuiona.

"Nitaufuata mto kwa miguu mpaka mwisho," anasema. "Siku tatu tu. Miguu hii haijui kuchoka."

Mkewe, anayechagua mchele mlangoni, hainui kichwa.

"Mwaka jana uliishia daraja la kwanza. Ukarudi na bodaboda, ukasema umefuata kofia."

"Jua lilikuwa kali, mama."

"Siku ile ilinyesha tangu asubuhi."